Jozi ya Kusaga: Kushinda Magic kwa Hesabu ya Karata

Mtu wa Bogoro anayetaka kucheza Magic: The Gathering haanzi dukani. Anaanza na mkasi, gundi na pakiti za karata za kawaida. Bogoro iko yapata kilomita 25 kutoka Bunia, kwenye barabara iteremkayo Kasenyi hadi Ziwa Albert, na si barabara ya kutafutia maduka ya mchezo huu. Lakini mchezo wenyewe hautaki vitu vingi: watu wawili, meza, karata 60 kwa kila mmoja, na akili iliyo tayari kuhesabu. Hesabu hiyo ndiyo shabaha ya mwongozo huu. Unaonyesha namna ya kujenga jozi ya karata isiyotegemea haraka wala karata za bei kali, jozi inayomsaga mpinzani zamu baada ya zamu mpaka abaki mikono mitupu.

Mchezo kwa ufupi

Magic ilibuniwa na Richard Garfield, mwanahisabati wa Marekani, na kampuni ya Wizards of the Coast ikaitoa mwaka 1993. Kila mchezaji anaanza na pointi 20 za uhai na karata saba mkononi. Kila zamu anavuta karata moja kutoka kwenye rundo lake, na anaruhusiwa kuweka mezani ardhi moja. Ardhi humpa mana, ambayo ndiyo malipo ya karata nyingine zote: viumbe vya kushambulia na kuzuia, vifaa na uchawi vinavyokaa mezani, au uchawi unaotumika mara moja kisha unatupwa. Uhai ukiisha, mchezo umeisha.

Tofauti yake na karata za turufu ni kwamba hakuna jozi moja inayogawiwa wote. Kila mmoja anakuja na jozi yake aliyoijenga nyumbani, akichagua kati ya maelfu ya karata. Ndiyo maana nusu ya ushindi hupatikana kabla watu hawajakaa.

Kwa nini karata, si uhai

Mgeni wa mchezo huu hutazama namba moja tu: uhai. Akiona amebaki na 12 na mwenzake ana 19, anadhani anashindwa. Mchezaji wa jozi ya kusaga hutazama namba nyingine kwanza, nayo ni idadi ya karata zinazofanya kazi kila upande, mkononi na mezani.

Sababu iko wazi. Wote wawili wanavuta karata moja kwa zamu. Baada ya zamu nane, kila mmoja ameona karata 14 au 15, kutegemea nani alianza. Ikiwa kila karata ya huyu inaondoa karata moja ya yule, hakuna aliyepata kitu na mchezo unabaki kwenye bahati. Lakini ikiwa mmoja amepata njia ya kutumia karata 20 katika muda ambao mwenzake ametumia 15, zile tano za ziada hazina wa kuzijibu. Hiyo ndiyo faida ya karata.

Wazo hili lilipata umbo lake katikati ya miaka ya 1990, pale Brian Weissman, mchezaji wa California, alipojulikana kwa jozi iliyoitwa kwa kifupi The Deck. Wakati wengi walijaza jozi zao viumbe vya kushambulia, yeye aliweka karata za kuzuia na kufuta za mwenzake, akaongeza Jayemdae Tome ya kuvutia karata za ziada na Disrupting Scepter ya kumlazimisha mpinzani atupe zake. Kumaliza kazi alikuwa na Serra Angel wawili tu. Mpinzani alikuwa amekwisha kushindwa muda mrefu kabla malaika hao hawajaruka.

Faida ya karata huja kwa njia tatu, na jozi nzuri huzitumia zote. Ya kwanza ni kuvuta: unatumia karata moja, unapata mbili. Ya pili ni kuondoa kwa jumla: karata yako moja inafuta mbili, tatu au tano za mwenzako. Ya tatu ni kiumbe kinacholipa deni lake papo hapo kinapoingia mezani, hata kikiuawa dakika hiyohiyo.

Chagua Pauper

Magic ina mitindo mingi ya kucheza, na mingi inadai karata ambazo moja tu inazidi mshahara wa mwezi wa watu wengi. Mtindo wa Pauper unaruhusu tu karata zilizowahi kuchapishwa katika daraja la chini kabisa la upatikanaji, zile zinazojaa kwenye kila pakiti. Ulianza kwa wachezaji wa mtandaoni, na mwaka 2019 Wizards of the Coast ikaweka orodha moja rasmi ya karata halali, za mtandaoni na za mkononi pamoja. Karata nyingi zilizotajwa hapa huuzwa chini ya dola moja, kwa yule mwenye ndugu Kampala, Nairobi au Ulaya anayeweza kuagiza.

Kanuni ni fupi: karata zisizopungua 60, nakala zisizozidi nne za karata yoyote isipokuwa ardhi za msingi, kama Swamp itoayo mana nyeusi, na akiba ya karata hadi 15 za kubadilishia kati ya mchezo na mchezo. Orodha ya marufuku nayo iangaliwe. Hymn to Tourach, kwa mfano, kwa mana mbili tu humfanya mpinzani atupe karata mbili bila kuchagua. Ilipigwa marufuku Pauper mwaka huohuo wa 2019, na mtu anayenakili orodha ya zamani anaweza kuiingiza bila kujua.

Jozi inayopendekezwa hapa ni ya rangi moja, nyeusi. Rangi moja ina maana ardhi zote zinatoa mana inayofaa, kwa hiyo mwanafunzi hapotezi michezo kwa kushika karata asizoweza kulipia. Na katika daraja hili la karata, rangi nyeusi ina njia zote tatu za faida.

Orodha ya karata 60

Ardhi (24): Swamp 19, Barren Moor 3, Bojuka Bog 2.

Viumbe (15): Chittering Rats 4, Phyrexian Rager 4, Gray Merchant of Asphodel 3, Crypt Rats 2, Thorn of the Black Rose 2.

Za kuvuta (7): Sign in Blood 4, Night's Whisper 3.

Za kuondoa viumbe (9): Chainer's Edict 4, Cast Down 3, Defile 2.

Za kuchungulia na kutupisha (3): Duress 3.

Ya kukaa mezani (2): Pestilence 2.

Kwanza ardhi, kwa sababu hapo ndipo wanaoanza hukata ili kupata nafasi ya karata za kusisimua. Kwa ardhi 24 kati ya 60, karibu mikono 77 katika kila 100 ya kwanza itakuwa na ardhi mbili, tatu au nne, nayo ndiyo mikono inayochezeka. Mikono yenye ardhi moja au isiyo na ardhi kabisa itakuwa kama 14. Ukishusha ardhi hadi 20, mikono hiyo mibovu inapanda karibu 25. Jozi ya haraka inaweza kuishi hivyo kwa sababu karata zake ni za mana moja na mbili. Jozi ya kusaga inataka kufika mana tano, hata saba, na haina ruhusa ya kukwama kwenye mbili. Hofu ya kuvuta ardhi nyingi mwishoni hutulizwa na Barren Moor: ikikukuta hauihitaji, unalipa mana moja nyeusi, unaitupa na kuvuta karata nyingine.

Kila karata na kazi yake

Phyrexian Rager ni kiumbe cha mana tatu chenye nguvu 2, yaani pointi kinazogonga, na ustahimilivu 2, yaani pointi za kukiua. Mwili wake hautishi mtu. Lakini kinapoingia, mwenyewe anavuta karata moja na kupoteza pointi moja ya uhai. Tuseme mpinzani anakiua kwa uchawi wake. Hesabu: umetumia karata moja, umepata moja, naye ametumia moja. Umesonga mbele kwa karata nzima, na hata hujashambulia. Asipokiua, kitamgonga pointi mbili kila zamu au kitazuia kiumbe chake. Vyovyote atakavyofanya, amepungukiwa.

Chittering Rats hufanya kazi kwa namna nyingine. Wakiingia, mpinzani anachukua karata moja ya mkononi na kuirudisha juu ya rundo lake. Zamu yake ikifika, anavuta ileile aliyokwisha kuwa nayo. Hajaona karata mpya, na wakati huo wewe umeona. Kuna sharti moja: mpinzani awe na karata mkononi. Panya hawa wachezwe mapema, hasa pale anapolalamikia ardhi, maana hapo kumnyima karata mpya ni kumfunga miguu. Akiwa mkono mtupu, wanabaki miili tu.

Sign in Blood na Night's Whisper ni karata mbili kwa moja, kwa mana mbili na pointi mbili za uhai. Zinafanana lakini si sawa. Night's Whisper inamhusu aliyeicheza tu. Sign in Blood inamlenga mchezaji yeyote, kwa hiyo mpinzani akibaki na pointi mbili, mwelekezee yeye: atavuta karata mbili na kufa nazo mkononi. Wengi wamepoteza michezo iliyokuwa mikononi mwao kwa kusahau neno moja kwenye karata: target.

Chainer's Edict humlazimisha mpinzani atoe kafara kiumbe chake kimoja, akichagua mwenyewe. Inagharimu mana mbili, na ikishatupwa inaweza kuchezwa tena kutoka kwenye zilizotupwa kwa mana saba. Karata moja, viumbe viwili. Uzito wake unategemea wakati. Mpinzani akiwa na kiumbe kimoja kikubwa mezani, ni upanga. Akiwa na vitano vidogo, atakutupia kilicho dhaifu kuliko vyote. Ubora wake mwingine ni kwamba haimlengi kiumbe bali mtu. Jozi zinazotegemea kiumbe kisichoweza kulengwa, kama Slippery Bogle, hazina kinga dhidi yake kikiwa peke yake.

Cast Down na Defile ni za kubadilishana moja kwa moja. Hazileti faida zenyewe. Kazi yao ni kununua muda ili zile nyingine zilipe. Defile inapunguza kiumbe kwa idadi ya Swamp ulizo nazo mezani, na Barren Moor haihesabiwi humo.

Crypt Rats ndiyo karata ya kusomwa kwa makini zaidi. Ni kiumbe cha mana tatu chenye nguvu 1 na ustahimilivu 1, na unaweza kulipa mana nyeusi yoyote uliyo nayo ili kigonge kila kiumbe na kila mchezaji kiasi hicho. Chukua mfano wa jozi ya Elves, iliyo maarufu Pauper. Zamu ya nne inafika, mpinzani ana Llanowar Elves wawili, Elvish Mystic, Quirion Ranger na Priest of Titania. Wote watano wana ustahimilivu 1. Una ardhi nne. Unalipa tatu kumleta Crypt Rats, unalipa moja iliyobaki, na meza yote inasafishwa, pamoja na panya mwenyewe. Kila mchezaji anapoteza pointi moja. Umetumia karata moja, yeye amepoteza tano. Mchezo wa namna hiyo hauhitaji tena ujasiri, unahitaji tu usikosee.

Thorn of the Black Rose anakupa hadhi ya ufalme. Aliye mfalme anavuta karata ya ziada mwisho wa kila zamu yake, bila malipo. Ni chemchemi isiyokauka, ila ina hatari: kiumbe cha mpinzani kikimgonga mfalme, ufalme unahamia kwa mwenye kiumbe, na sasa chemchemi ni yake. Kwa hiyo Thorn hachezwi eti kwa sababu mana nne zimetimia. Achezwe meza ya mpinzani ikiwa tupu, au ikiwa na viumbe vya ardhini ambavyo utaweza kuvizuia. Mbele ya viumbe virukavyo, abaki mkononi.

Pestilence inakaa mezani, na kwa kila mana moja nyeusi inagonga viumbe vyote na wachezaji wote pointi moja. Inaondoka mwisho wa zamu ikiwa hakuna kiumbe hata kimoja mezani. Iweke pamoja na Gray Merchant, mwenye ustahimilivu 4, na unaweza kulipa tatu katika zamu yako na tatu katika zamu ya mpinzani bila kumuua mfanyabiashara wako. Viumbe vidogo vya mwenzako havikai tena mezani.

Gray Merchant of Asphodel ndiye anayemaliza kazi. Akiingia, hesabu alama nyeusi katika gharama za karata zako zote zilizo mezani: mpinzani anapoteza uhai kiasi hicho na wewe unaupata. Yeye mwenyewe ana alama mbili. Chittering Rats wana mbili, Rager ana moja. Ukiwa na hao watatu tu, ni pointi tano kutoka kwake kuja kwako. Pestilence ikiwepo, ni saba. Mfanyabiashara wa pili baada ya hapo mara nyingi hufunga mchezo.

Zamu kwa zamu

Mkono wa kwanza ukubaliwe ukiwa na ardhi tatu au nne na angalau karata moja ya mana mbili. Mkono wa ardhi mbili unakubalika kama unacheza wa pili na una Sign in Blood. Ardhi sita na Gray Merchant mmoja, rudisha. Kanuni ya sasa inakupa karata saba mpya, kisha unaweka moja chini ya rundo, kwa hiyo adhabu si kubwa kama watu wanavyoiogopa.

Zamu ya kwanza ni ya Duress au ya ardhi inayoingia imelala, isiyotoa mana zamu hiyo, kama Barren Moor. Duress inakuonyesha mkono wote wa mpinzani na kukuruhusu kumtupisha karata moja isiyo kiumbe wala ardhi. Andika ulichokiona. Si aibu kuwa na daftari mezani, na mchezaji anayejua karata nne zilizobaki kwa mwenzake hucheza mchezo mwingine kabisa.

Zamu ya pili ina swali moja: kuondoa au kuvuta? Mpinzani akiwa na kiumbe kimoja cha maana, Edict kwanza. Meza yake ikiwa tupu, vuta. Zamu ya tatu ni ya Chittering Rats au Rager, na kanuni ni ileile: akiwa na shida ya ardhi, Chittering Rats, akiwa ametulia, Rager. Kuanzia zamu ya nne, acha mazoea na urudi kwenye hesabu. Kila unapotaka kucheza karata, jiulize itaondoa ngapi na itakuachia ngapi. Ikiwa jibu ni moja kwa sifuri na hakuna haja ya haraka, subiri zamu moja. Crypt Rats aliyesubiri mpinzani aongeze kiumbe cha tatu na cha nne ni karata tofauti na yule aliyeruka mapema kumuua mmoja.

Kusubiri nako kuna mpaka. Uhai ni fedha ya kutumia, lakini fedha huisha. Ukishuka hadi pointi nane hivi mbele ya viumbe, acha kuvuta kwa uhai na anza kusafisha meza.

Pale hesabu inapogeuka

Jozi hii ina maadui, na ni vizuri kuwajua kwa majina.

Wa kwanza ni jozi nyekundu ya kuchoma, inayorusha moto moja kwa moja kwa mchezaji. Lightning Bolt inaondoa pointi tatu kwa mana moja. Kumaliza pointi 20 anahitaji Bolt saba. Ukicheza Sign in Blood mwenyewe unashuka hadi 18, na 18 inahitaji Bolt sita. Angalia kilichotokea: ulidhani umepata karata moja ya ziada, kumbe umemsamehe mwenzako karata moja. Faida imefutika. Dhidi ya nyekundu, baada ya mchezo wa kwanza, punguza Sign in Blood na Night's Whisper, uingize karata zinazorudisha uhai. Tendrils of Corruption inafaa: inagonga kiumbe kwa idadi ya Swamp zako na kukupa uhai huohuo.

Wa pili ni Tron, inayotumia ardhi tatu za Urza: Mine, Power Plant na Tower. Zikikutana zote mezani zinatoa mana saba badala ya tatu, na jozi ya namna hiyo hukushinda kwa ukubwa wa karata zake hata kama wewe unazo nyingi. Dawa yake ni Choking Sands, inayovunja ardhi yoyote isiyo Swamp na kumgonga mwenye ardhi pointi mbili kama ardhi hiyo si ya msingi. Ipigwe mapema, kabla ya tatu kukamilika.

Wa tatu ni jozi zinazochezea kwenye karata zilizokwisha kutupwa. Bojuka Bog zipo kwa ajili hiyo, na Nihil Spellbomb huziongezea nguvu. Usiiweke Bog mezani kwa pupa zamu ya kwanza. Inafuta zilizotupwa mara moja tu, inapoingia.

Akiba ya karata 15 inaweza basi kuwa hivi: Tendrils of Corruption 3, Choking Sands 3, Nihil Spellbomb 3, Divest 3, Crypt Rats 2 na Duress moja. Udhaifu unaobaki ni kwamba nyeusi haina njia nzuri ya kuvunja vifaa vilivyokwisha kukaa mezani. Ndiyo sababu ya Divest na Duress: kitoke mkononi kabla hakijatua.

Msomaji wa Afrika Mashariki ataona pia kwamba baadhi ya karata hizi zina asili ya karibu. Choking Sands ilitoka katika toleo la Mirage, Oktoba 1996, lililowekwa katika bara la kubuni la Jamuraa lililochorwa kwa sura ya Afrika. Humo kuna wahusika na viumbe kama Shauku, Zuberi na Ekundu Cyclops. Crypt Rats ilifuata mwaka 1997 katika Visions, toleo la simulizi hiyohiyo. Anayetaka kuongeza kijani baadaye ana Mwonvuli Acid-Moss, ya mana nne, inayovunja ardhi ya mpinzani na papo hapo kukuletea Forest kutoka kwenye rundo lako. Ni mbili kwa moja tena.

Kutengeneza karata Bogoro

Karata ya Magic ina milimita 63 kwa 88, sawa na karata za kawaida za poka. Ukurasa wa A4 unabeba tisa. Swamp 19 hazihitaji kuchapwa. Neno moja kwa kalamu linatosha. Zinabaki karata 41 za jozi na 15 za akiba, jumla 56, zinazoingia kwenye kurasa saba. Duka la kuchapa na fotokopi mjini Bunia linaweza kuzitoa kwa rangi nyeusi na nyeupe, maana kinachohitajika ni maandishi yasomeke, si picha. Kata kwa rula, bandika kila kipande juu ya karata ya kawaida, na uhakikishe migongo yote inafanana. Pakiti zote zinunuliwe za aina moja. Ukipata vifuko vya plastiki vya ukubwa huo, gundi haihitajiki: kipande kinakaa mbele, karata ya kawaida nyuma.

Karata za kujitengenezea ni za kujifunzia na kuchezea nyumbani. Haziuzwi, na katika mashindano rasmi hazikubaliki. Kwa aliyesoma kwa Kifaransa, karata nyingi zimechapishwa pia kwa lugha hiyo, na anaweza kuchapa maandishi ya Kifaransa ili asibabaike katikati ya mchezo.

Tengeneza jozi mbili, si moja. Mwenzako asiye na jozi hatakuwa mpinzani, na jozi ya kusaga haijifunzi kazi yake kwa kucheza na kioo chake. Mpe nyekundu ya haraka: Lightning Bolt, Lava Spike na Fireblast nne nne, viumbe vya mana moja na mbili, na Mountain 18. Kila michezo michache, badilishaneni. Anayecheza nyekundu kwa dhati atajua nyeusi inaumia wapi.

Kwa mazoezi ya peke yako ipo programu huria iitwayo Forge, inayofanya kazi kwenye kompyuta na simu za Android. Ukiipakua mara moja ukiwa mahali penye mtandao mzuri, inacheza dhidi yako bila intaneti, nayo haidai picha za karata. Inasimamia kanuni zote yenyewe, kwa hiyo ni mwalimu mzuri wa mambo yanayotatiza, kama ufalme na Pestilence.

Muda na marekebisho

Jozi hii huchelewa kushinda. Mashindano mengi hutoa dakika 50 kwa raundi ya michezo mitatu, mshindi akiwa wa miwili, na anayesaga polepole hujikuta ametoka sare ilhali alikuwa anaongoza. Zoea kuamua wakati mpinzani bado anacheza, changa karata upesi, na ukiona mchezo wa kwanza umepotea kabisa, ukubali ili uokoe dakika za ule wa pili.

Baada ya michezo 10 hivi, usiulize umeshinda mingapi. Andika karata iliyobaki mkononi kila uliposhindwa. Ikiwa ni Gray Merchant mara kwa mara, wapinzani wako wana haraka: toa mmoja, ingiza Defile ya tatu. Ikiwa ni Cast Down, wanacheza viumbe vichache, na nafasi yake iende kwa Duress ya nne. Ikiwa ni Thorn, wana viumbe virukavyo, na Pestilence ya tatu itakufaa kuliko ufalme. Badilisha karata mbili kwa wakati mmoja, zisizidi, kisha cheza tena michezo mingine 10 kabla ya kugusa kitu kingine.